Samatta Alifika Kabla ya Krosi

Shabiki wa soka akikuambia "tukutane kwa Mkapa," anamaanisha Temeke, kwenye uwanja wa viti 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007. Kwetu Lupaso, kwa Mkapa ni hapa hapa kijijini, alikozikwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa Julai 2020, mwezi uleule Uwanja wa Taifa ulipopewa jina lake.

Huku viti hakuna. Kuna kiwanja cha mchanga, magoli ya miti, mikorosho pembeni, na vijana wenye vipaji vya kweli. Lakini kila jioni naona kosa lilelile. Winga anamtoka beki, anamimina majalo safi, na namba tisa amesimama ndani ya kumi na nane akingoja mpira umfuate alipo. Ukimpita, anamgombeza aliyepiga. Kwa ajili ya vijana hao nataka tumtazame mshambuliaji Mbwana Samatta, na tutazame jambo moja tu: namna anavyoipokea krosi.

Msimu wa 2019/2020 Samatta alifunga mara tatu kwenye ardhi ya Uingereza. Novemba 5, 2019, akiwa na Genk ya Ubelgiji, aliifunga Liverpool pale Anfield kutokana na kona ya Bryan Heynen. Februari 1, 2020, akiwa na Aston Villa, aliifunga Bournemouth na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya England. Machi 1, alifunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mechi zote tatu timu yake ilifungwa 2-1, na mabao yote matatu aliyafunga kwa kichwa. Si jitu kwa kimo. Mabeki wa kati wa ligi ile wengi wanamzidi urefu. Alipataje mpira mbele yao mara tatu ndani ya miezi minne?

Bao la kichwa likiingia, watu husifia shingo na kuruka. Mimi nasema tazama miguu, na itazame kabla mpira haujapigwa. Beki ana kazi mbili: kumwona mwenye mpira na kumwona anayemkaba. Krosi ikinukia lazima ageuze shingo kumtazama mwenye mpira, na sekunde ile ni mali ya mshambuliaji. Namba tisa aliyefundwa huitumia kupiga hatua moja nyuma ya bega la beki, upande asioonekana, kisha huchomoka hatua mbili au tatu za kasi kumkatiza mbele. Beki anapogeuka kumtafuta, jamaa ameshapita.

Ugumu uko kwenye kujua lini uchomoke. Ukiwahi, beki anakuona na kukufuata, au unaotea. Ukichelewa, unagombania mpira na mtu mrefu kuliko wewe. Ishara iko kwenye mguu wa winga, ule usiopiga. Akiutua kando ya mpira, kwa kawaida krosi imeshaamuliwa na ni vigumu kuiahirisha. Hapo ndipo pa kuondoka.

Rudia bao la Wembley ukiwa na hayo kichwani. Dakika ya 41, City wanaongoza 2-0 kwa mabao ya Agüero na Rodri. John Stones anateleza, Anwar El Ghazi anabaki na mpira na kupiga krosi. Wengi husema Villa waliokota bahati, na kweli kuteleza kwa beki ni bahati. Lakini bahati ile ilimwangukia El Ghazi. Samatta alikuwa bado na kazi ya kufika kwenye eneo, na alifika akiwa na kasi. Ndiyo maana aliweza kujirusha mbele na kuupiga mpira kwa paji la uso ukampita Claudio Bravo. Aliyesimama hawezi kujirusha vile.

Wamarekani, katika mpira wao ule wa kubeba na kurusha kwa mikono, wana mchezaji ambaye kazi yake ni kupokea. Anakimbia njia aliyoirudia mazoezini mara nyingi, na mpira hurushwa kuelekea mahali ambapo yeye bado hajafika. Samatta hufanya kazi hiyohiyo kwa kichwa.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Alipita African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe wakamchukua baada ya kumwona akicheza dhidi yao. Alikuwa na miaka 18. Lubumbashi, nyumbani kwa Mazembe, kunazungumzwa Kiswahili, na naamini hilo lilimsaidia kijana aliye mbali na kwao kuelewa anachofundishwa. Alikaa pale karibu miaka mitano, na sehemu hii vijana wetu huiruka wanaposimulia safari yake. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akamaliza na mabao saba. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu, ndipo akaenda Genk. Bao la Wembley lilikuja miaka tisa baada ya kuondoka Simba.

Mpokeaji pia huishi kwa wanaomlisha. Genk alikuwa na Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi, na msimu wa 2018/2019 alifunga mabao 23 ya ligi, wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Villa ilikuwa timu inayopigania kutoshuka daraja na mipira ilimfikia kwa nadra. Alifunga mawili tu akaondoka. Wanaosema alishindwa England wahesabu kwanza ni krosi ngapi nzuri alizopata.

Sasa turudi mchangani. Februari 24, 2020, siku sita kabla ya fainali ile, Chama cha Soka cha England kilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini, kwa kuhofia afya ya ubongo. Nakubaliana nao. Na hatupotezi kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya bao la kichwa hufundishika bila kichwa kugusa mpira.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa timu za watoto, hapa Lupaso, Masasi hadi Newala, mjaribu hivi. Weka mtoto mmoja awe beki, mwingine namba tisa. Simama pembeni na mpira mikononi. Tua mguu chini kama winga, halafu urushe mpira mbele ya goli. Namba tisa achomoke anapouona mguu unatua, apite mbele ya beki, audake mpira kwa mikono miwili mbele ya paji la uso, macho wazi. Akidaka akiwa amesimama, usihesabu. Akidaka akiwa mbioni, mpe bao. Fanyeni hivyo mara ishirini kila jioni kabla ya kugawa timu, na kichwa kisubiri wakue.