Gari la Kesho Lisilofika Petite Barrière

Mjomba wangu ana pikapu ya dizeli inayobeba viazi mviringo kutoka Mukamira hadi Gisenyi. Alfajiri huwa ameshafika karibu na Petite Barrière. Magunia yakishushwa, kazi ya injini imekwisha: kuanzia hapo mzigo unavuka kwenda Goma kwa vichwa na migongo ya akina mama, au kwa baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu, na upande wa pili chukudu zinausubiri. Likizo iliyopita alinikalisha kiti cha mbele akaniuliza: "Mpwa wangu, wewe unasoma Kigali. Hii gari imechoka. Ninunue nyingine ya mazutu, ama ningojee hizo za umeme wanazosema?"

Nilimwomba anipe muda nisome kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa uhandisi, na najua mwenzangu atakayesoma insha hii ataguna: tangu lini injini ikafanyiwa tahakiki? Lakini darasani tumefundishwa kuuliza maswali mawili mbele ya matini yoyote: nani anasema, na anamwambia nani? Kampuni ya magari inapochagua injini ya toleo lijalo, inapopanga ukubwa wa betri, inapoamua kama gari litavutwa na magurudumu ya mbele au litasukumwa na ya nyuma, huwa imeshamchora msafiri wake: anaishi wapi, anabeba nini, barabara yake ikoje. Nimechagua kuisoma Volkswagen kwa sababu ndiyo kampuni kubwa ya Ulaya iliyokuja kwetu ikiwa na gari la umeme mkononi.

Historia yenyewe ni fupi. Juni 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Kigali, kwa uwekezaji wa dola milioni 20 na uwezo uliotajwa wa kufikia magari 5,000 kwa mwaka. Oktoba 2019, ikishirikiana na Siemens, ikaleta e-Golf: magari manne na kituo kimoja cha kuchaji kwa kuanzia, na mpango wa kufikia magari 50 na vituo 15. Picha zilipendeza. Wengi wetu tulizisambaza kwenye simu zetu kwa fahari, nami nikiwemo.

Sasa tutazame tarehe. Septemba 2019, mwezi mmoja tu kabla ya hapo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha ID.3 katika maonyesho ya Frankfurt, gari lililobuniwa tangu mwanzo kuwa la umeme. Na Novemba kiwanda cha Zwickau kikaanza kuliunda. e-Golf haikuwa hivyo. Ilikuwa Golf ya kawaida iliyotolewa injini na kutiwa mota na betri. Desemba 2020 utengenezaji wake ulikoma. Yaani kesho tuliyoletewa Kigali ilikuwa imebakiza miezi 14 iwe jana, na waliotuletea walikuwa na gari la kuirithi tayari jukwaani.

Tofauti ya magari hayo mawili si ya umri tu. e-Golf huvutwa na magurudumu ya mbele, ID.3 ilizaliwa ikisukumwa na ya nyuma. Kwenye tambarare za kaskazini mwa Ujerumani hilo ni suala la mashabiki kubishania. Kwetu si hivyo. Gari likipanda mlima, uzito wake hurudi nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kama njia imeloa yanaweza kuzunguka bure. Ongeza magunia nyuma, hali inazidi. Nilipomweleza mjomba jambo hili alicheka. "Pikapu inasukuma," alisema, "haivuti. Ile inayovuta ni ya kupeleka watu ofisini." Hapa mpakani tumerithi maneno ya magari kutoka Kifaransa: moteri, mazutu, lisansi. Lakini kwa mfumo mzima unaotoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye magurudumu, jambo ambalo vitabu vya ufundi hulihangaikia kwa istilahi ndefu, mjomba anatumia vitenzi viwili vya Kiswahili vya kila siku, na vinatosha. Wenzangu wa kozi ya istilahi walifikirie hilo.

Nirudi kwenye barabara. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni karibu kilomita 150. Inapanda Shyorongi, inajipindapinda hadi Gakenke na Musanze, inavuka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kule Mukamira, halafu inashuka hadi Ziwa Kivu lililo chini ya mita 1,500. e-Golf ilikuwa na betri ya kilowati-saa 35.8 na, kwa kipimo cha Ulaya, ilikwenda takriban kilomita 230. Kufika ingefika. Kurudi Kigali bila kuchaji, hapana. Gari lile lilichorwa kwa msafiri wa mjini, na mradi wenyewe ulikuwa wa kukodisha magari mjini. Kwa hilo siilaumu e-Golf. Ilikuwa kweli kwa hadhira yake.

Lawama yangu iko kwingine, na nilihitaji kukaa na mjomba garini siku tatu ili niione. Barabara hii, ambayo kila mtu huitaja kama sababu ya kutoleta magari ya umeme mikoani, ndiyo inayoyafaa zaidi. Injini ya kuchoma mafuta isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inapungua. Mota ya umeme haihitaji hewa. Kwenye mteremko, dizeli hulia kwa gia ndogo na breki hunuka. Mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Na viazi vya mjomba vinateremka! Anashuka kutoka Mukamira amejaa, anapanda akiwa mtupu. Sidhani kuna kazi nyingine inayoliita gari la umeme kwa sauti kubwa hivyo. Huko Uswisi, karibu na Biel, wameshafanya jambo hilo: lori kubwa la umeme liitwalo eDumper hushuka na mawe ya kiwanda cha saruji na kupanda tupu, na breki zake hulirudishia sehemu kubwa ya umeme linaoutumia. Mlima uliodhaniwa kikwazo unalisha betri.

Basi pikapu hiyo ya umeme iko wapi? Pikapu ya Volkswagen ni Amarok. Toleo lake la pili, la mwaka 2022, linaundwa Afrika, katika kiwanda cha Ford cha Silverton, Pretoria. Lilitoka na injini za dizeli na petroli, bila toleo la umeme. Mwaka uliofuata Ford ikatangaza kwamba Silverton hiyo hiyo itaunda Ranger yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri ya kuchajiwa, na masoko yaliyotajwa ni Ulaya, Australia na New Zealand. Mikono ya Afrika inaijua kazi hiyo, ila mzigo uliofikiriwa ni wa watu wengine.

Juni 2021 Klaus Zellmer, aliyekuwa mkuu wa mauzo wa Volkswagen, aliliambia gazeti moja la Ujerumani kwamba kampuni itaacha injini za kuchoma mafuta Ulaya kati ya 2033 na 2035, Marekani na China baadaye kidogo, na Amerika Kusini na Afrika baada ya muda mrefu zaidi, kwa sababu mazingira ya kisera na miundombinu bado hayapo. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi. Ulaya imepewa miaka. Marekani na China zimepewa "baadaye kidogo". Sisi tumepewa kielezi kisicho na tarakimu. Na sababu iliyotolewa haiilingani Rwanda: Aprili 2021, miezi miwili kabla, serikali ilikuwa imepitisha unafuu wa kodi kwa magari ya umeme, vipuri, betri na vifaa vya kuchajia, pamoja na bei nafuu ya umeme kwa vituo. Nchi ilikuwa imeshaweka sera mezani. Kusema "Afrika" kana kwamba ni mji mmoja ni kosa ambalo mwalimu wetu wa isimujamii angelizungushia wino mwekundu.

Rafiki yangu wa darasani aliyesoma rasimu hii alinipinga vikali. Alisema kampuni huuza kinachonunuliwa, na anayebeba viazi hununua gari lililotumika, si jipya. Hata pikapu ya umeme ikiletwa, bei ya betri peke yake itamshinda. Ana haki kwa sehemu, na sina jibu kamili kuhusu bei. Lakini pikipiki zimeonyesha njia nyingine. Ampersand, iliyoanza Kigali, haimuuzii dereva mzigo wa betri: anabadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa na kuondoka. Mwanzoni mwa 2025 Kigali iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria. Aliyetarajiwa kuwa wa mwisho kuhama, dereva wa pikipiki, amewatangulia wenye magari. Volkswagen yenyewe imelionyesha hilo katika mradi wake wa GenFarm kule Gashora, Bugesera, wa trekta za umeme kwa wakulima. Huko walianza na kazi, kisha wakatafuta mota. Kwa nini mkulima apatiwe trekta, na anayebeba mavuno yake aachiwe dizeli?

Tena umeme wenyewe hauko mbali. Tangu mwaka 1963 gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilikuwa ikivutwa Cap Rubona na kupelekwa katika kiwanda cha bia cha Bralirwa, hapa hapa Gisenyi. Leo wilaya yetu ya Rubavu ina mtambo wa Shema Power unaozalisha umeme kwa gesi hiyo, na Karongi kuna KivuWatt. Umeme unatoka ziwani na kwenda Kigali. Viazi vinashuka kuja ziwani kwa mazutu iliyosafirishwa kutoka bandari za Bahari ya Hindi.

Niliporudi Gisenyi nilimtafsiria mjomba maneno ya Zellmer, tukiwa tumeegesha karibu na Petite Barrière. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akigawa gunia lake katika mafungu mawili ili alivushe kwa safari mbili. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

"Muda mrefu zaidi," alirudia. "Ni miaka mingapi?"

Nikamwambia hawakusema.

Mwezi uliofuata alinunua pikapu nyingine ya mazutu, iliyotumika. Wiki jana amenipigia simu nimtafutie Kigali bei ya tairi mbili za nyuma.