Mkono Usiotetemeka

Kiinitete cha salamanda, ndugu wa chura mwenye mkia, hakizidi milimita mbili au hivi kwa upana, na hakuna kisu cha dukani kinachokifaa. Hans Spemann wa Freiburg, Ujerumani, alijitengenezea vifaa vyake. Alivuta kioo juu ya moto mpaka kikawa sindano, kisha akachukua unywele wa mtoto mchanga akaukunja kitanzi cha kusukumia seli bila kuzichana. Kwa vifaa vya namna hiyo, katika misimu ya uzazi ya mwaka 1921 na 1922, mwanafunzi wake Hilde Mangold alifanya kazi ninayoihesabu miongoni mwa kazi bora za mikono katika sayansi.

Tuitazame kwa karibu. Kwanza anauvua ute, kisha utando mwembamba unaokikaza kiinitete. Kikibaki uchi kinalegea na kutaka kubwagika kwa uzito wake chenyewe, hivyo anakilaza kwenye kishimo kilichochimbwa katika nta. Kutoka kiinitete cha rangi hafifu anakata kipande kidogo, pale ukingoni seli zinapoanza kuzama ndani. Anakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha spishi nyingine, chenye rangi iliyokolea, na kukishikiza mpaka kidonda kifunge. Halafu anasubiri. Dawa za antibiotiki hazikuwapo bado, na vingi vilioza. Ripoti ya mwaka 1924 ilisimama juu ya viinitete sita tu.

Sita vilitosha. Tumboni mwa mwenyeji alikuwa ameota pacha, mwenye mgongo wake na neva zake. Rangi ndiyo iliyotoa ushahidi: sehemu kubwa ya neva hizo ilikuwa ya seli za mwenyeji. Kipande kile kidogo kilikuwa kimezishawishi seli za jirani, zilizokuwa njiani kuwa ngozi, zibadili mwelekeo. Mangold alifariki Septemba 1924 kwa ajali ya moto jikoni, akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Ushawishi huo ulipitia nini? Jibu lilikawia, na lilipokuja lilipitia kwa chura wetu wa Afrika, Xenopus, mwenye kucha miguuni. Yule wa maabara nyingi asili yake ni Afrika Kusini. Kwanza ilieleweka amri nyingine, ya mapema zaidi: mwaka 1969, bado kwa viinitete vya salamanda, Mholanzi Pieter Nieuwkoop alionyesha kwamba seli nzito za chini ya kiinitete huziamuru za juu zifanye tabaka la kati, litakalozaa misuli na damu. Mwaka 1987 Jonathan Slack na wenzake walionyesha kuwa protini za ukuaji za jamii ya FGF zinaweza kutoa amri hiyo. Mwaka 1990 ikatambuliwa aktivini, na Makoto Asashima wa Japani akaonyesha kuwa kipimo ndicho kinachoamua: kidogo huzaa seli za damu, cha kati misuli, kikubwa notokodi, ule uzi unaotangulia uti wa mgongo.

Siri ya kipande cha Mangold ilifichuliwa kwa sindano ya kioo vilevile. Kule Berkeley, William Smith na Richard Harland waliyapiga mayai mwanga wa urujuanimno, yakakua bila mgongo wala kichwa. Wakayadunga RNA, fungu baada ya fungu, mpaka wakalipata lililorudisha mgongo. Protini yake, noggini, ilitangazwa mwaka 1992. Kodini ikafuata mwaka 1994. Na kazi yake ikawashangaza wengi: zote mbili huzuia. Protini za BMP zimeenea zikiziambia seli ziwe ngozi, na noggini na kodini huzinasa kabla hazijafika. Mzee wa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba hapa Kilimanjaro, angeielewa hesabu hii upesi: maji yanashuka usiku na mchana, na kihamba, shamba la nyumbani, hupata zamu yake kwa sababu mtu ameziba mlango mwingine kwa udongo na vipande vya mgomba.

Masika yakikolea, mayai ya chura hatuyafuati mbali. Kwenye mifongo, pale maji yanapotuama, utayakuta ndani ya ute, juu meusi, chini meupe. Ukiwahi, kwa lenzi ya mkononi utaona mfereji wa kwanza ukilipasua yai kuanzia upande mweusi. Baridi ya Marangu huuchelewesha, joto la Moshi mjini huuharakisha.

Leo mashine husoma mamilioni ya herufi za DNA, nami nafurahi. Lakini noggini na kodini zilipotambuliwa, watu walijua mara moja umuhimu wake, kwa kuwa swali lilikuwa na mipaka: kipande kile kina nini? Mipaka hiyo iliwekwa na binti mwenye sindano ya kioo. Ndiyo maana wanafunzi wangu siwaanzishi na majina ya protini. Nawapa sahani ya maji na yai moja, nawaambia wauvue ute bila kulipasua. Wengi hulipasua. Anayefaulu, maswali anayouliza baada ya hapo huwa mafupi, na huwa yanajibika.