Tanbihi kama Utanzu: Nathari ya Hoja katika Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapofundishwa chimbuko la utenzi wa Kiswahili hupelekwa msikitini bila kusitasita. Husomeshwa Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, akaelezwa kwamba watunzi wake walikuwa watu wa dini na kwamba dini yao haiwapunguzii hadhi ya ushairi. Anapofika kwenye chimbuko la nathari, mlango huo hufungwa. Hupewa Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela iliyotoka mwaka 1934, kisha Shaaban Robert, kisha riwaya. Nathari, kwa mujibu wa mpangilio huu, ni masimulizi. Na nathari ya dini, iwapo inatajwa, huachiwa idara nyingine.

Makala haya yanapinga mpangilio huo. Yanadai kwamba Kiswahili kina mapokeo ya nathari ya hoja, yaani nathari inayodai, inayothibitisha, inayokanusha na inayojibu, na kwamba sehemu kubwa ya mapokeo hayo imo mahali ambapo wahakiki hawakuzoea kutazama: katika dibaji na tanbihi za tafsiri za Kurani. Tafsiri nne zitaangaliwa: ya Godfrey Dale (1923), ya Sheikh Mubarak Ahmad (1953), ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (1969) na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani (1995). Lengo si kuamua ni ipi iliyo sahihi kiitikadi. Lengo ni kuonyesha kwamba maelezo yaliyoandamana na matini hizi ni maandishi yenye umbo, mbinu na historia yake, na kwamba kuyapuuza kumeidhoofisha taaluma ya uhakiki yenyewe.

Majina ya vitabu na madai yake

Jina la kitabu ni hoja ya kwanza ya mwandishi. Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyefanya kazi Zanzibar, alikiita kitabu chake tafsiri ya Kurani ya Kiarabu kwa lugha ya Kisawahili, pamoja na dibaji na maelezo machache. Sifa ya "Kiarabu" hapo haina kazi ya kisarufi tu. Inaiweka Kurani mbali na msomaji, kama kitabu cha watu wengine kinacholetwa ili kichunguzwe. Kitabu kilichapishwa London na shirika la SPCK bila matini ya Kiarabu, na maelezo yake yamekusanywa mwishoni. Msomaji anakutana na maandishi ya Kiswahili peke yake, na anayetaka ufafanuzi hana budi kufunua kurasa za nyuma.

Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya aliita yake Kurani Tukufu. Al-Farsy aliita yake Qurani Takatifu. Al-Barwani alitumia jina refu zaidi: Tarjama ya Al-Muntakhab katika Tafsiri ya Qur'ani Tukufu. Tahajia yenyewe inasimulia jambo. Kutoka "Kurani" hadi "Qurani" hadi "Qur'ani", neno linasogea hatua kwa hatua kuelekea matamshi ya Kiarabu, wakati ambapo Kiswahili sanifu kilikuwa kikienda upande mwingine. Sifa zilizochaguliwa nazo zina uzito. "Takatifu" ni sifa ambayo msomaji wa Biblia anaifahamu kutoka kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe, na al-Farsy hakuona sababu ya kuikwepa.

Aidha, jina la al-Barwani linarejesha tofauti ambayo Kiswahili kiliipoteza. Katika taaluma ya Kiarabu, tarjama ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na tafsiri ni kufafanua maana. Kiswahili kimetumia neno "tafsiri" kwa kazi zote mbili. Hapana shaka kwamba hili ni tatizo la istilahi, lakini pia ni ungamo: mtumiaji wa Kiswahili anakiri, bila kukusudia, kwamba hakuna anayehamisha maneno bila kufafanua. Al-Barwani, aliyekuwa akitarjumu tafsiri iliyoandaliwa Misri, alilazimika kuyatenga maneno hayo mawili ili aeleze kazi yake.

Neno moja, njia tatu

Uzito wa tanbihi unaonekana wazi zaidi pale ambapo mjadala umeshika neno moja. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 55, Mwenyezi Mungu anamwambia Isa neno lenye mzizi wa Kiarabu ambao maana yake ya msingi ni kutimiza au kuchukua kitu kwa ukamilifu, na ambao kwa matumizi umekuja kumaanisha kufisha. Kwa Ahmadiyya, jambo hili ni la msingi. Jumuiya hiyo inaamini kwamba Isa alikufa kifo cha kawaida, na kwamba mwanzilishi wao, Mirza Ghulam Ahmad, ndiye Masihi aliyeahidiwa. Tafsiri yao inashika maana ya kufisha. Al-Farsy anafuata njia ya wafasiri wanaolichukua neno hilo katika maana ya kukamilisha muda.

Jambo ambalo halijatiliwa maanani ni nafasi ya Kiswahili chenyewe katika ugomvi huu. Mzizi huo wa Kiarabu ulikwishaingia katika Kiswahili kabla ya wafasiri hawa kuzaliwa, na uliingia kwa upande wake mmoja tu. Kutawafu ni kufariki. Wafati ni kifo. Kwa hiyo sikio la Mswahili limekwisha kuelekezwa. Mfasiri wa Ahmadiyya anapochagua kifo, lugha inamsaidia. Al-Farsy anapochagua ukamilifu wa muda, inambidi ashindane na lugha yake mwenyewe, atumie maneno mengi mahali pa moja, kisha aongeze maelezo. Urefu wa maelezo katika mahali kama hapa una sababu ya kiisimu na ya kihistoria. Si uzembe wa mtindo.

Hali inatatizika zaidi tukimfikia al-Barwani. Naye anatumia kitenzi cha kufisha, ilhali hakuwa Ahmadiyya. Hapana mgongano hapo, kwani miongoni mwa wafasiri wa Kisunni wamekuwako waliokubali maana ya kifo wakakiweka kifo hicho baada ya kurejea kwa Isa duniani. Funzo kwa mhakiki ni kubwa: neno lililomo katika matini haliamui peke yake msimamo wa mfasiri. Anayelinganisha tafsiri hizi kwa kupanga aya bega kwa bega na kuacha maelezo nje atafikia hitimisho la makosa. Atamweka al-Barwani kambi moja na Mubarak Ahmad, na al-Farsy kambi ya pili. Tanbihi ndiyo inayobeba hoja; aya ni dai linalosubiri uthibitisho.

Mabano na maandishi: sauti ya mfasiri

Al-Farsy ana mazoea ya kutia mabano ndani ya aya. Humtaja anayesemeshwa, hujaza kilichodokezwa, huunganisha tukio na lililotangulia. Kwa msomaji anayetafuta mwendo wa maneno, mabano haya ni kero. Yanakata pumzi na kuifanya matini isisomeke kwa sauti bila kukwama. Lakini yana uaminifu wake. Msomaji anaona bayana mahali ambapo matini inaishia na sauti ya mfasiri inapoanzia. Wafasiri wengi wa fasihi, wakiwemo waliofasiri tamthilia na riwaya za kigeni, huongeza bila kuonyesha walichoongeza.

Al-Barwani naye ana mazoea ya aina nyingine, ya kitahajia. Hutenga viambishi na kitenzi, akaandika "alipo sema" na "walio kufuru" mahali ambapo usanifu unataka neno moja. Mwalimu wa sarufi atatia wino mwekundu. Hata hivyo, inafaa kukumbuka mwandishi huyu ni nani. Alizaliwa 1919, alikuwa kiongozi wa chama cha Zanzibar Nationalist Party na waziri, akafungwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na akamalizia maisha yake ughaibuni, alikofariki 2006. Kiswahili anachokiandika hakikupitia mkono wa wasanifishaji wa baada ya uhuru. Tahajia yake ni kumbukumbu ya mazoea mengine ya kuandika, na mhakiki akiihesabu kuwa makosa matupu ataifuta kumbukumbu hiyo.

Waliotengwa na historia ya fasihi

Kuna mfano mmoja unaoonyesha jinsi mpaka kati ya fasihi na maandishi ya dini ulivyo wa kubuni. Kaluta Amri Abedi anajulikana katika kila idara ya Kiswahili kwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954. Mijadala mirefu ya miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani ilimrejelea kama mwanasheria wa ushairi. Mara chache hutajwa kwamba alikuwa sheikh wa Ahmadiyya na kwamba alishiriki katika kazi ya Kurani Tukufu, iliyotoka mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho. Mtu mmoja, katika miaka ileile, alikuwa akitafuta kanuni za beti na akisaidia kupima maana za aya. Kumgawa sehemu mbili na kuitupa moja ni kujinyima nafasi ya kuuliza kama mazoea ya kutoa hukumu kwa dalili katika kazi ya pili yalichangia mwandiko wa kikanuni katika ya kwanza.

Vivyo hivyo kwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Akivutiwa na fikra za Muhammad Abduh na Rashid Rida na jarida la Al-Manar la Cairo, alianzisha Mombasa karatasi ya Sahifa, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Humo aliandika insha kuhusu elimu, uchumi na mwenendo wa jamii. Alianza pia tafsiri ya Kurani ambayo hakuimaliza. Baadhi yake ilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Al-Islah lilitangulia Uhuru wa Watumwa kwa miaka miwili. Anayetafuta mwanzo wa insha ya Kiswahili ya kisasa hana udhuru wa kulipita.

Pingamizi

Yamkini pingamizi mbili zitatolewa. Ya kwanza ni kwamba maandishi ya dini huanza na yakini, na kwa hiyo hayawezi kuwa mfano wa fikra za kihakiki. Pingamizi hii inachanganya mambo mawili. Yakini ya wafasiri hawa imo katika utukufu wa matini. Katika usomaji wa matini wanabishana waziwazi, wakitaja kauli ya mpinzani na kuijibu. Hata hivyo kuna ukweli ndani ya pingamizi hiyo. Al-Farsy anapowakabili wale anaowaita Makadiani, kauli yao humfikia msomaji kwa mkono wa anayewakanusha, na ukali wa lugha hufunga mlango ambao hoja ilikuwa imeufungua. Huo ni udhaifu, na unafaa kuhakikiwa kama udhaifu wa hoja, jinsi mhakiki anavyohakiki mhusika bapa katika riwaya.

Ya pili ni kwamba kuyaingiza maandishi haya katika mtaala ni kukirudisha Kiswahili chini ya dini moja na pwani moja. Ushahidi unakataa. Katika tafsiri hizi nne amehusika kasisi Mwanglikana, mmisionari wa Ahmadiyya kutoka Bara Hindi, na Wazanzibari wawili walioandika au kuchapisha wakiwa mbali na kwao. Mbili kati yake, ya 1953 na ya 1969, zilichapishwa Nairobi. Nathari hii ilikua kwa sababu watu wa imani na asili tofauti walilazimika kujibizana katika lugha moja, mbele ya wasomaji walewale.

Hitimisho

Istilahi ambazo wahakiki wa Kiswahili huzitumia kila siku zina nasaba. Fasihi, fani, maudhui, uhakiki, tanbihi: hakuna hata moja iliyozaliwa katika chumba cha mihadhara cha chuo kikuu. Ziko pamoja na hoja, dalili, kauli, rai na ithibati katika msamiati wa wanavyuoni waliojifunza kubishana kwa maandishi. Taaluma imechukua maneno na kuyaacha maandishi yaliyoyakomaza. Matokeo yake yanaonekana katika tasnifu za wanafunzi, ambapo masimulizi huandikwa kwa Kiswahili chepesi na hoja huandikwa kwa sentensi zilizofikiriwa kwa Kiingereza.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kozi za historia ya nathari zijumuishe angalau insha za al-Amin Mazrui na tanbihi teule za al-Farsy, zikisomwa kama nathari na si kama itikadi. Pili, tafsiri hizi nne zilinganishwe kwa utaratibu, maelezo pamoja na aya. Tatu, nakala za Sahifa na Al-Islah zitafutwe, zihifadhiwe na zichapishwe upya zikiwa na utangulizi wa kitaaluma. Pendekezo hili la tatu ndilo la dharura kuliko yote, maana karatasi za magazeti ya miaka ya 1930 hazisubiri taaluma ifikie uamuzi.