Nagona, Sangara na Mpaka wa Akili

Juzi nilibishana na mwenzangu mmoja, naye ni mwandishi chipukizi kama mimi, juu ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Akasema: "Alituandikia Rosa Mistika mwaka 1971, tukamwelewa. Halafu akaleta Nagona. Pale, bwana, akili zilimruka." Tukacheka wote. Lakini njiani nikirudi nyumbani nikajiuliza: je, kama hilo ndilo hasa alilotaka tulifikirie?

Wasomaji wengi huilalamikia Nagona (1990) pamoja na mwenziwe Mzingile (1991). Eti hazina ploti, wahusika hawashikiki, wakati unarudi nyuma na kwenda mbele. Ukija na orodha yetu ya kidato cha nne, yaani dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo, utabaki na nafasi tupu kwenye daftari. Katika Nagona msimulizi anawapitia wanafikra wakubwa waliokufa, asipate kwao jibu la kumtosha. Safari inafika kwenye ngoma kuu. Katika Mzingile dunia inateketea. Basi wengine husema mwandishi huyu aliikana akili. Sikubali. Mtu aliyeandika tasnifu ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika huko Wisconsin mwaka 1985 hakuwa adui wa akili. Aliijua vizuri, ndiyo maana aliuona mpaka wake.

Mpaka huo ni upi? Tarehe 16 Julai 1945, katika jangwa la New Mexico, bomu la kwanza la atomiki lilijaribiwa. Mwanafizikia Enrico Fermi, akiwa umbali wa maili kama kumi, alidondosha vipande vya karatasi. Upepo wa mlipuko ukavisukuma, naye kwa kuangalia vilipoangukia akakadiria nguvu ya bomu. Akili iliyoje hiyo! Siku 21 baadaye ikaungua Hiroshima. Tazama kwamba hesabu haikukataa popote. Hesabu hujibu swali uliloiuliza. Swali ambalo hukuiuliza, hainyanyui mkono kukukumbusha.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu na mabomu yao tu. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwa kilichozungukwa na Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 sangara walipandikizwa ziwani humo. Hoja ilikuwa safi kabisa: furu ni wadogo, wana miiba, hawana bei, tulete samaki mkubwa awale, awe minofu. Ikawa kweli. Kufikia miaka ya 1980 sangara walijaa, na baadaye minofu ikasafirishwa hadi Ulaya. Lakini wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Kwani nani aliyekosea kujumlisha? Hakuna. Aliyekosekana ni wa kuuliza furu ni nani kwa mla furu.

Hapo niko upande wa Nagona. Ila nina ugomvi nayo, tena mkubwa. Nagona inaupa wazimu heshima, kana kwamba mwendawazimu huona tusichokiona sisi wenye akili timamu. Sawa. Lakini kanda hiyo hiyo ya ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakiitwa wachawi, na macho yale yameiva kwa moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Bibi yule aliye gizani, akisikia hatua mlangoni, haombi ngoma kuu. Anaomba mtu mmoja tu mwenye akili aseme: jamani, huu ni moshi. Bibi huyo simwoni katika Nagona, na nadhani angekuwemo kitabu kingekuwa kizito zaidi.

Kwa hiyo nasema hivi. Akili ina mpaka, lakini mpaka hufikiwa kwa kutembea. Waliomuua bibi hawakuuvuka; hawakutoka hata mlangoni. Fermi na wenzake walifika hadi ukingoni, wakadhani hapo ndipo dunia inapoishia.

Leo tatizo la ulimwengu mzima ni joto. Tarakimu tunazo. Mwaka 2015 huko Paris mataifa yaliandikiana kwamba joto lisizidi nyuzi 2, ikiwezekana 1.5. Na moshi bado unapanda. Haukosi mtu wa kuupima. Unakosa wa kuuonea uchungu. Uchungu huo hauwezi kuletwa na jedwali. Huletwa na hadithi, na hii ndiyo kazi yetu sisi tunaoshika kalamu.

Riwaya yangu mimi imelala chini ya godoro, sura ya nne. Nilikuwa nimemweka ndani yake mwendawazimu anayejua kila kitu. Sasa nimemkalisha jirani na bibi mwenye macho mekundu, nami sijui nani kati yao atanishinda. Anayeona nimepotoka, na ajibu katika kurasa hizi hizi.