Wameshuka! Usiku wa kapsuli ya Freedom, nilioutazama Kipushi

Jamani, jamani! Naandika hivi mikono bado inatetemeka. Saa sita kasoro dakika tatu usiku kwa saa yetu ya Kipushi, huku Katanga, tarehe 18 Machi 2025, kapsuli ya anga iitwayo Freedom imegusa maji ya Ghuba ya Mexico, upande wa Tallahassee huko Florida, na ndani yake watu wanne wazima. Roketi zikiruka nimeshaona nyingi, hata zimeanza kunichosha. Kurudi sikuwahi kukutazama moja kwa moja. Nilidhani ni mkia wa habari tu, kumbe nyama yote iko huku!

Mazingira ya kutazamia, kwa haki ya msomaji: umeme ulikatika saa nne, simu ina ufa unaopita katikati ya kioo, betri asilimia 31, na mega za kuhesabu. Redio usiku huo zilikuwa na Doha tu, rais wetu Tshisekedi na Kagame wa Rwanda wamekutana, na nani angewalaumu. Habari ya anga ilikuwa yangu peke yangu, hadi mzee wa jirani alipoona mwanga wa simu uani akaja na karanga zake kwenye kikombe. Mzee huyu alimaliza ujana wake chini ya ardhi, enzi za kampuni ya madini ya Gécamines.

Nikamweleza harakaharaka. Wanaanga Suni Williams na Butch Wilmore waliondoka tarehe 5 Juni 2024 kwa safari ya kama siku nane. Chombo chao, Starliner, kikavuja heliamu, baadhi ya injini zake ndogo zikagoma, na Septemba kikarudishwa duniani kitupu. Wao wakabaki juu, kwenye kituo cha anga. Mwisho wa mwezi huohuo Nick Hague na Aleksandr Gorbunov wakawafuata na Freedom, viti viwili vimeachwa wazi kwa ajili yao. Siku nane zikazaa siku 286. Mzee akacheka: dereva aliyekwama mpakani Kasumbalesa naye humwambia mkewe hivyohivyo, narudi wiki ijayo.

Basi, onyesho lenyewe! Walijitenga na kituo asubuhi, saa moja na dakika tano kwa saa zetu, na kutwa nzima hakuna la kuona. Kisha jioni yao, usiku wetu, injini zikawashwa dakika saba na kitu kupunguza mwendo, na kuanzia hapo sikupumua. Kapsuli inaingia kwenye hewa nzito, joto la nje linakaribia nyuzi 1,900, na redio inakatika. Kimya. Hapa ndipo nilipokikumbuka chombo cha Columbia, kilichovunjika angani tarehe 1 Februari 2003 na watu saba ndani, dakika 16 tu kabla ya kutua. Mzee alikuwa ameshika karanga moja kati ya vidole viwili. Hakuitia mdomoni. Nilitazama ile karanga kuliko nilivyotazama simu. Sauti iliporudi, akaitafuna.

Halafu miavuli! Miwili midogo kwanza, kama mita 5,500 juu ya bahari. Inavutwa, inaachiwa, na kwa nukta chache mbaya sana hakuna kitu kinachoshikilia chochote. Kisha minne mikubwa, kwenye mita kama 1,800. Na haifunguki papo hapo, hilo sikulijua! Kwanza inajibana kama vitunguu vinne kwenye uzi mmoja, halafu inavimba polepole, mmoja unamgusa mwenzake, unasogea, hadi yote minne imejaa hewa na kapsuli inaning'inia chini yake imetulia. Sisi tuko gizani, kule jua bado kali na bahari ni buluu tupu. Pwaa! Nimelia. Ndiyo, nimelia kwa ajili ya watu nisiowajua, na kamasi juu.

Walioandaa matangazo haya wangeweza kuishia hapo na nyota zote ningewapa. Lakini wakaja pomboo! Kundi zima, wanazunguka kapsuli, mapezi yanapasua maji kana kwamba wametumwa kupokea wageni. Hakuna mtunzi wa sinema ambaye angethubutu.

Kasoro? Watangazaji wanaongea mno pale ambapo kimya kingetosha. Na machela: kila mmoja anaondolewa juu yake, na asiyejua atadhani ni wagonjwa, kumbe miguu tu imesahau uzito wa mwili. Suni akapunga mkono. Nikapunga na mimi, kwa simu yenye ufa.

Nikamkumbusha mzee: sisi wa Katanga tuna kumbukumbu yetu ya roketi, na si tamu. Juni 1978 Wajerumani wa kampuni ya OTRAG walirusha moja kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, Mobutu mwenyewe akitazama, ikaanguka. Kuanguka tunakujua, basi. Na jiwe letu la Kipushi lina jerimani, madini yanayotumika katika paneli za sola za setilaiti, kwa hiyo huenda chembe ya hapa iko huko juu hadi sasa.

Mzee hayo hayakumgusa. Alikuwa anautazama mnara wa shimo namba 5 la mgodi, lenye kina cha mita 1,240, ukionekana mweusi mbele ya nyota. Zamani, alisema, kila anayeshuka aliacha kipande chake cha namba ubaoni. Kikibaki kimoja jioni, mtaa mzima hauzimi taa.

"Balipanda bangapi?" akaniuliza.

"Wawili Juni, wawili Septemba. Wanne, baba."

"Na bameshuka?"

"Wanne."

Akakung'uta maganda ya karanga kwenye kikombe, akainuka. "Basi zima simu, mutoto wangu. Betri itaisha."