Amina na Kalamu ya Mumewe

Wengi katika wasomaji wetu wa Masasi na Newala walilisoma shairi la "Amina" shuleni. Twawasihi walisome tena pamoja na kitabu cha Maisha Yangu, kilichopigwa chapa mwaka 1949. Kwani peke yake laonekana kuwa kilio tu.

Marehemu Shaaban Robert (1909–1962) hakulishwa na kalamu. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha, na mchana wake ulikuwa wa Serikali. Aliyoyatunga aliyatunga katika saa zilizosalia, nazo ni saa za nyumbani. Ni nani aliyemwachia saa hizo? Sisi tuliokulia juu ya Uwanda wa Makonde, ambako zamani mama zetu waliteremka mabondeni kuteka maji, twajua kwamba mwalimu aliyekaa na daftari mbele ya taa alikaa kwa sababu mtungi ulikuwa umekwisha kujazwa.

Katika shairi, mume asema na mkewe aliyekufa kana kwamba yu karibu naye. Lakini alama ya ndoa ile twaiona zaidi katika tenzi mbili alizowatungia watoto: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe. Kumfunza binti mambo ya unyumba, kwa desturi ya pwani (na ya kwetu pia), ni kazi ya wanawake. Mwana Kupona wa Pate aliifanya kwa utenzi mwaka 1858, hali ni mgonjwa. Amina hakuwapo tena, basi baba aliketi mahali pake. Mtungaji alikuwa Mwislamu, na sisi tu Wakristo; lakini baba mjane kila mtu amjua.

Kasoro twaiona moja, nayo si ndogo. Amina twapewa sifa zake, lakini sauti yake haitufikii ila kwa kinywa cha mumewe. Tungependa kumsikia hata akinung'unikia mafuta ya taa yaliyokwisha.

Jioni moja, mwalimu mwenzetu wa Newala alitusomea shairi hili barazani. Alipomaliza, mkewe, aliyekuwa akipeta mtama, aliuliza, "Je, baba, hayo alimwambia alipokuwa hai?" Mwalimu alikifunga kitabu, wala hakujibu.