Pongezi kwa wahunzi wa Kidatoga
Hapa Singe, ukimwona mama wa Kibarbaig, kundi la Wadatoga, na bangili zake za shaba ya manjano, ujue umeona kazi ya mhunzi. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha kufuli na koki za maji zilizoharibika, mvukuto wa ngozi ukichochea makaa. Kazi ngumu huja baadaye. Shaba hiyo ikigongwa sana hukakamaa, ukiilazimisha hupasuka. Dawa yake ni kuirudisha motoni ilainike. Wawindaji wa Marekani wanaojaza upya risasi zao hupasha moto shingo ya ganda la risasi, nalo la shaba hiyo, kwa sababu hiyo hiyo, ili lidumu. Kule Ziwa Eyasi, wahunzi hawa huwafulia Wahadzabe vichwa vya mishale na kupewa asali. Hongera zao! Tununue bangili zao bila kuwapunja.